Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Njia Bora za Ujenzi Hazidumu Kwenye Saiti Zetu

Katika barua zilizotufikia kutoka Unguja na Pemba, nne zimegusa jambo moja, nalo ni njia za kuboresha utaratibu wa kazi za ujenzi ili vifaa, muda na mazingira visipotee bure, na sababu zinazofanya njia hizo zikubalike au ziachwe. Tumeona ni bora tuzijibu pamoja. Anayejibu ni mhandisi wa safu hii.

SWALI: Assalamu alaykum Mhandisi. Mimi ni mkandarasi mdogo wa Chake Chake, Pemba. Nilihudhuria mafunzo ya wiki moja Dar es Salaam kuhusu kupunguza upotevu katika ujenzi, kupanga kazi za kila wiki pamoja na mafundi, na kuiweka saiti katika mpangilio mzuri. Niliporudi niliweka ubao wa mpango katika jengo la skuli tunalolijenga, nikagawa majukumu na nikasisitiza usafi. Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa tatu ubao ulikuwa umefunikwa na mifuko ya saruji, na kila mtu amerudi katika alivyozoea. Wenzangu wananiambia kwamba mafundi wetu hawapendi mabadiliko. Je, ni kweli? Na ni mambo gani hasa yanayofanya njia hizi zikubalike au zikataliwe?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nakupongeza kwa kujaribu, lakini sikubaliani na wenzako. Nimefanya kazi na mafundi wa visiwa hivi kwa muda mrefu, na sijamwona fundi anayekataa njia inayompunguzia taabu bila ya kumpunguzia riziki. Anapoikataa, mara nyingi amekwisha kupiga hesabu, na hesabu yake huwa sahihi kuliko ya yule aliyemletea njia hiyo.

Utaratibu uliofundishwa una asili yake katika viwanda vya magari vya Toyota nchini Japani, ambako Taiichi Ohno na wenzake, katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walihesabu kuwa ni upotevu kila jambo linalokula muda, nguvu au mali bila ya kumwongezea mteja thamani yoyote: kungoja, kubeba vitu huku na huko, kulimbikiza vifaa, kutengeneza kabla ya haja, na kurudia kazi iliyoharibika. Mwaka 1992 mtafiti kutoka Finland, Lauri Koskela, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliandika ripoti iliyoonesha namna fikra hiyo inavyoweza kuhamishiwa katika ujenzi. Glenn Ballard na Greg Howell wakatengeneza utaratibu wa kupanga kazi unaojulikana kama Mpangaji wa Mwisho, kwa maana ya yule msimamizi wa mafundi ambaye ndiye wa mwisho kuamua kesho nani atafanya nini. Walipopima saiti za Marekani katika miaka ya 1990 waliona kwamba, kwa wastani, ni takriban asilimia 54 tu ya kazi zilizopangwa kwa wiki zilizokamilika ndani ya wiki hiyo. Naitaja takwimu hiyo ili ujue kwamba kushindwa kutimiza mpango si aibu ya Pemba. Hata penye mitambo na makampuni makubwa, karibu nusu ya mpango wa wiki ilikuwa haitimii, na Ballard na Howell walikitafuta chanzo katika namna ya kupanga, wakaacha kuwalaumu watu.

Tuje kwenye sababu. Wanaoandika juu ya jambo hili hutaja nyingi: uelewa mdogo, gharama za mafunzo, uongozi usiojali, mikataba, sheria, mazoea ya watu. Zote zipo. Lakini kwa nilivyoona mimi, moja inazitawala nyengine, nayo ni nani anabeba mzigo wa njia mpya na nani anapata faida yake. Wanapokuwa mtu mmoja, njia hudumu. Mmoja anapobeba na mwengine akapata, njia hufa ndani ya miezi michache, hata mafunzo yakiwa mazuri kiasi gani.

Chukua mafundi wako wa kujenga kuta. Wengi wao, nadhani, unawalipa ujira wa siku, na saidia fundi vivyo hivyo. Ukimwambia mtu huyo kwamba kwa kupanga vizuri kazi ya siku kumi itakwisha kwa siku saba, umemwambia kwamba siku tatu atakaa kitako nyumbani bila ya ujira. Wewe utapata nafuu, mwenye jengo atapata nafuu, na yeye ndiye aliyejitahidi zaidi. Atakusikiliza kwa adabu mwezi mmoja, kisha atarudi katika mwendo unaomlinda. Huko Japani kwenyewe fikra hizi hazikuota mizizi katika utulivu. Mwaka 1950 Toyota ilipata mgogoro mkubwa na wafanyakazi wake hadi mkuu wa kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu, na katika miaka iliyofuata kampuni na wafanyakazi wakajenga maelewano yaliyoweka usalama wa ajira mbele. Mfanyakazi aliyejua kwamba hatafukuzwa kwa sababu ya wazo lake aliweza kulitoa. Hapa kwetu mkandarasi mdogo hana uwezo wa kumwahidi mtu ajira ya maisha, lakini anaweza kukubaliana na kundi la mafundi bei ya kazi nzima, kwa mfano kuta za ghorofa moja hadi kwenye linta, kwa sharti la ubora linalopimwa kwa uzi na pimamaji, ili wakimaliza mapema wabaki na faida yao. Anaweza pia kugawana nao kile kilichookolewa katika saruji na mbao. Ninawajua waliofanya hivyo, na kwao ubao haukufunikwa.

Jambo la pili ni zito zaidi, na sijaona mafunzo mengi yanayoligusa. Mpangaji wa Mwisho hutegemea ahadi. Kila asubuhi ya kwanza ya wiki msimamizi wa kila kundi huulizwa anaweza kukamilisha nini, na nguvu ya utaratibu wote imo katika ruhusa aliyopewa ya kusema, "Hili siwezi, kwa sababu nondo hazijafika," au, "Siwezi, kwa sababu ramani ya ngazi ina makosa." Sasa fikiria mambo yetu. Kijana amekaa mbele ya mkandarasi aliyemzidi umri, pengine ni ami yake au mtu wa shehia yake, na mshauri wa mradi ameketi pembeni. Anaulizwa kama zege litamiminwa Alkhamisi. Anajua mbao hazitoshi, lakini kumkatalia mkubwa mbele za watu ni utovu wa adabu, basi anasema, "Inshaallah." Mkubwa amesikia ndiyo, na kijana anajua kwamba amesema hapana kwa njia ya heshima. Alkhamisi inafika, zege halimiminwi, na ahadi imevunjika ingawa hakuna aliyesema uongo.

Sikushauri upigane na adabu hiyo, kwa kuwa ni mali yetu. Badilisha swali. Usiulize, "Mtamimina Alkhamisi?" Uliza, "Ili tumimine Alkhamisi, ni kitu gani bado hakipo?" Hapo kijana anamsaidia mkubwa wake kwa kukitaja kilichopungua, na hakuna anayemkatalia mwengine. Na kikitajwa, wewe mkubwa ndiye unayeandikwa ubaoni kuwa mwenye kazi ya kukileta. Hilo la mwisho ni la lazima. Ubao unaoandika makosa ya mafundi tu, na usioandika kwamba mkandarasi alichelewesha saruji au kwamba mshauri alikaa na ramani wiki mbili, kwa mafundi ni daftari la mashtaka, wala hawatakuwa na sababu ya kulipenda.

Jambo la tatu ni malipo na mkataba, na hapa nawasemea wakandarasi. Mkataba ukitolewa kwa kuangalia bei ya chini peke yake, mshindi huingia saiti akiwa amebanwa tangu siku ya kwanza, na kitu cha mwanzo anachokipunguza ni kile kisichoonekana katika jedwali la gharama: muda wa kupanga, mafunzo, ghala zuri, msimamizi wa ziada. Malipo yakichelewa, mpango wa wiki unageuka kuwa mpango wa kilichopo mfukoni. Nchini Uingereza, ripoti ya mwaka 1998 iliyoongozwa na Sir John Egan ilisisitiza kwamba wateja wakubwa, Serikali ikiwa miongoni mwao, ndio wenye uwezo wa kuibadilisha sekta, kwa kuwa wao ndio wanaoweka masharti. Hapa Zanzibar, ambako Serikali imekuwa ikijenga skuli za ghorofa, hospitali, barabara na viwanja, sharti moja tu katika nyaraka za zabuni, kwa mfano kwamba mkandarasi awasilishe kila mwezi kiwango cha kazi zilizokamilika kama zilivyopangwa pamoja na sababu za zilizokwama, likiambatana na malipo yanayotoka kwa wakati, lingefanya zaidi ya semina nyingi.

La mwisho kwako ni bahari. Saruji na nondo zetu kwa sehemu kubwa huvuka maji, na mzigo wa Pemba aghalabu huteremshwa Mkoani au Wete, halafu hutegemea gari. Kusi ikivuma kwa nguvu kati ya mwezi wa sita na wa nane, chombo kinaweza kukawia, na masika ya mwezi wa tatu hadi wa tano yanaharibu njia na mchanga ulioachwa wazi. Kwa hiyo mpango wa wiki moja peke yake haukutoshi. Katika utaratibu uleule wa Ballard kuna hatua ya kutazama mbele, mara nyingi wiki sita, ambapo kila kazi inayokuja hukaguliwa kama ina ramani, vifaa, watu, kibali na nafasi ya kufanyiwa. Ningekuwa wewe ningeanza na hatua hiyo kabla ya ubao wa wiki. Nashuku kwamba katika mwezi wa pili wa ubao wako, kazi za ubaoni zilianza kukwama kwa vitu ambavyo havikuwepo, mafundi wakaona wanaahidi kitu kisicho mikononi mwao, na wakaacha kuahidi.

SWALI: Mhandisi, assalamu alaykum. Mimi ni mhandisi kijana wa kike, nafanya kazi katika kampuni moja ya ujenzi Unguja, naishi Mwanakwerekwe. Nimependekeza tupime upotevu wa vifaa na tuzingatie mazingira. Mkuu wangu anasema mazingira ni kazi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, na kwamba njia hizi ni za makampuni makubwa yenye kompyuta. Nimwambie nini?

JIBU: Waalaykumu salaam, binti yangu. Usimwambie kitu kwanza. Mpimie.

Chagua kazi ya lipu, kwa sababu huko ndiko upotevu unakojificha vizuri zaidi. Chukua ukuta wa mita za mraba 100. Ukiwa umejengwa wima na matofali yamenyooka, lipu ya milimita 15 inatosha, nayo ni udongo wa saruji na mchanga wa ujazo wa mita 1.5. Ukuta ukiwa umepinda, fundi wa lipu hana budi kuunyoosha kwa unene, na wastani ukifika milimita 25 ujazo unakuwa mita 2.5. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne au tano, hiyo mita moja ya ziada imekula mifuko sita hadi minane ya kilo 50, na mchanga unaozidi kidogo mita moja ya ujazo. Hakuna aliyeiba, na mkuu wako akipita atauona ukuta mzuri, ilhali mifuko hiyo imelipia makosa ya aliyejenga kabla.

Sasa mazingira. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka hutokana na mawe yenyewe yanapovunjika, mbali na moshi wa kuni au makaa yanayochomwa. Ndiyo maana saruji peke yake inakadiriwa kutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Kwa makadirio ya kawaida kila mfuko wa kilo 50 umekwisha kutoa kilo 30 au zaidi za hewa hiyo kabla haujafunguliwa. Na mchanga wa kwetu unachimbwa ardhini katika kisiwa kidogo, kwa vibali, na kila shimo linaloachwa limechukua ardhi ambayo mtu angelima muhogo. Kwa hiyo mfuko uliookolewa kwenye lipu umeokoa pesa ya mkuu wako, hewa ya dunia na ardhi ya Unguja kwa mara moja. Mamlaka inaweza kukagua na kutoza faini. Haiwezi kunyoosha ukuta wenu.

Kuhusu kompyuta, mkuu wako amechanganya njia mbalimbali. Ni kweli kwamba Six Sigma, iliyoanzishwa Motorola mwaka 1986, hutaka vipimo vingi na hesabu za takwimu, kwa kuwa lengo lake ni makosa yasiyozidi 3.4 katika kila nafasi milioni moja za kukosea. Kwenye saiti ya mafundi ishirini sioni faida ya kuanza na hiyo. Lakini mpango wa wiki unahitaji ubao na chaki, na zile S tano za kupanga na kusafisha mahali pa kazi, yaani Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia, zinahitaji ufagio, rangi na msimamo. Nchini Tanzania S tano zilianza katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007, zikaenea katika hospitali nyengine, na huko wauguzi walizitekeleza wodini bila ya mtambo wowote. Saiti ya kampuni yenu haina shida kuliko wodi yenye wagonjwa.

Pima lipu ya nyumba mbili, moja kwa utaratibu wa sasa na nyengine baada ya kukubaliana na fundi wa kuta na fundi wa lipu kwamba ukuta haupokelewi mpaka wote wawili wameupima. Mpelekee mkuu wako idadi ya mifuko, na uitaje kwa shilingi. Habari ya hewa ya ukaa iweke mwisho wa karatasi, si kwa sababu ni ndogo, bali kwa sababu mwenye kampuni husoma kuanzia kwenye pesa. Na majina ya mafundi hao yawepo juu ya karatasi pamoja na lako.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi ujenzi, Mbweni. Mradi wangu wa mwisho unahusu sababu zinazoathiri utumiaji wa njia endelevu za kuboresha kazi katika makampuni ya ujenzi ya Zanzibar. Nimeandaa dodoso lenye sababu thelathini, na kila mhojiwa atazipa alama kuanzia moja hadi tano. Naomba ushauri.

JIBU: Kijana wangu, dodoso lako halina ubaya, lakini litakupa maoni ya wenye ofisi na litakaa kimya juu ya mambo mengine. Meneja akiulizwa, ataipa alama ya juu "uelewa mdogo wa wafanyakazi" kwa sababu jibu hilo halimgusi yeye. Alama za mafundi huwa hazikusanywi kabisa, pengine kwa kuwa dodoso liko kwa Kiingereza. Liandike kwa Kiswahili, na lile la mafundi usiwape wajaze. Kaa nao wakati wa mapumziko, uulize, uandike wewe.

Kisha tafuta makampuni yaliyoanza na yakaacha. Hayo ndiyo yanayojua zaidi, na watafiti wengi huyapita kwa kuwa hayana cha kuonesha. Waulize ni mwezi gani walipoacha na ni nini kilitokea mwezi huo: malipo yalichelewa, msimamizi aliyefundishwa alihama, ramani zilibadilishwa? Tenganisha pia makampuni ya nje yenye miradi mikubwa na wakandarasi wadogo wa hapa, kwa sababu sheria na bahari ni zilezile kwao wote ilhali mtaji haulingani, na ukichanganya alama zao wastani wako hautamweleza yeyote kati yao.

Ukipata saiti moja itakayokuruhusu, hesabu kwa wiki nane kazi zilizopangwa na zilizokamilika, na uandike sababu ya kila iliyokwama. Kurasa hizo nitazisoma kwa hamu kuliko jedwali la sababu thelathini.

SWALI: Mimi ni mzee wa Wete, mstaafu. Nina kiwanja na ninajenga nyumba kidogokidogo kadiri ninavyopata. Nimesoma haya ya upotevu nikajiuliza kama yananihusu na mimi, kwani sina kampuni, nina fundi mmoja na wajukuu. Saruji huwa nanunua mapema nikiogopa bei kupanda.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Yanakuhusu sana, kwa sababu anayejenga kidogokidogo hupoteza zaidi ya mwenye kampuni na hakuna anayemhesabia.

Saruji iliyowekwa katika hewa yetu ya chumvi na unyevu hupungua nguvu mwezi hadi mwezi, na ikipita miezi mitatu haifai kutegemewa katika nguzo, linta wala zege la juu. Kama una pesa leo na huna kazi ya kuimalizia, usiigeuze kuwa mifuko, igeuze kuwa matofali. Tofali lililofyatuliwa kwa kipimo, likawekwa kivulini na kumwagiwa maji kwa siku saba angalau, litakungoja miaka bila ya kuharibika, na bei ikipanda umekwisha kuikwepa. Ikiwa tayari unayo mifuko, iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, uifunike, na uliyotangulia kuinunua itangulie kutumika.

Nondo zinazochomoza juu ya nguzo zikingojea ghorofa ya baadaye ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi ninapopita mijini na vijijini kwetu. Kutu inapoila nondo huvimba kuliko chuma chenyewe, na hupasua zege kutoka ndani. Kama hujui ni lini utaendelea, zifunike kwa zege hafifu ambalo litavunjwa siku ya kuendelea. Na mchanga wa pwani usikubali kuletewa, hata ukiwa wa bure, kwa sababu chumvi yake huanza kazi hiyohiyo ya kuila nondo siku unapoumimina.

Wazee waliojenga Mji Mkongwe waliacha upana wa chumba ufuate urefu wa boriti, wala hawakuchora kwanza kisha wakatafuta mti wa kufaa. Mwombe anayekuchorea ramani afanye vivyo hivyo kwa nondo za mita 12, kwa bati na kwa matofali, ili vipimo vya vyumba vigawanyike bila ya kuacha vipande. Hilo likifanyika kabla ya msingi halikugharimu kitu, lakini baada ya msingi haliwezekani tena.

Kwa fundi wako, kubaliana naye bei ya kila sehemu ya kazi kabla hajaanza, na iandikwe hata kwenye karatasi ya daftari la mjukuu. Jioni, kabla hajaondoka, muulize kesho atahitaji nini ambacho hakipo. Akisema kokoto, basi kesho yake asiitwe mpaka kokoto zimeshuka kiwanjani.